Vaskulitisi ya ngozi katika mchochota wa utumbo

Vaskulitisi ya ngozi ni mchochota wa mishipa midogo ya damu iliyomo katika ngozi. Mara chache huwapata wenye mchochota sugu wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda. Erithema nodosamu, vinundu vyenye maumivu vinavyojitokeza kwenye miundi, huwapata wengi zaidi.

Vaskulitisi huanzia chini ya magoti, ambako damu hukawia na shinikizo la vena ni kubwa. Kingamwili zilizoshikana na vitu zilivyovinasa hukwama katika kuta za vena ndogo kabisa. Chembe nyeupe aina ya neutrofili huzifuata, huvunjikia hapohapo na kuuharibu ukuta, damu ikavujia kwenye ngozi. Ndiyo maana madoa yake huinuka kidogo na hayafifii yakibonyezwa kwa gilasi. Vitabu vingi husema ni mekundu. Katika ngozi nyeusi huonekana ya zambarau iliyokolea, au meusi kabisa, kwa hiyo kidole cha mpimaji kina kazi zaidi kuliko jicho lake.

Kigumu ni kujua chanzo. Madoa huweza kuletwa na ugonjwa wenyewe ukipamba moto, lakini pia na dawa zinazoutibu: salfasalazini, mesalazini, infliksimabu au adalimumabu. Homa ya ini aina ya B na C nayo haina budi kupimwa. Vaskulitisi ya kingamwili aina ya IgA ndiyo hupotosha zaidi, kwa kuwa huleta madoa hayohayo pamoja na maumivu ya tumbo na choo chenye damu. Kipande cha ngozi hukatwa kwenye doa changa, la siku moja au mbili. Doa likikaa sana, ushahidi wake hufutika. Mkojo hupimwa pia, kwani figo huweza kuumia bila maumivu yoyote.

Dawa ikishukiwa, anayeisimamisha ni daktari, si mgonjwa. Chanzo kikiwa utumbo, kuutuliza ndiko kunakoondoa madoa. Mgonjwa hupumzika akiwa ameinua miguu, na huweza kupewa prednisoloni. Kolkisini husaidia, ila huharisha, jambo linaloweza kudhaniwa kuwa utumbo umechafuka upya. Dapsoni, dawa nyingine inayotumika, huvunja chembe nyekundu za damu za wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika nchi za malaria, zikiwemo za Afrika Mashariki. Kupimwa kimeng'enya hicho hutangulia kidonge cha kwanza cha dapsoni.