Kipima umbali cha gofu

Kipima umbali cha gofu ni kifaa cha mkononi, cha kubana kwenye mkanda au cha kuvaa kama saa, kinachomwambia mchezaji zimebaki mita au yadi ngapi kutoka mpira ulipotua hadi anapolenga, ambapo kwa kawaida ni shimo lenye bendera au grini inayolizunguka. Akishaijua tarakimu hiyo, huchagua fimbo. Kwa wachezaji wengi wa kawaida fimbo moja na inayoifuata hupishana kwa yadi 10 hadi 15. Kwa hiyo kifaa kinachokosea kwa yadi 3 hakimpotezi mtu, na kinachokosea kwa 15 ni afadhali kibaki nyumbani. Makala hii inahusu vifaa vyepesi, vile ambavyo mtu hukitoa kimoja mfukoni, akasoma tarakimu moja au tatu, akakirudisha. Vile vinavyohesabu mapigo, kuchora njia ya mpira na kutuma takwimu kwenye simu ni ukoo mwingine.

Kabla ya vifaa

Zamani umbali ulikadiriwa kwa jicho, na mwenye jicho kali mara nyingi hakuwa mchezaji bali kedi, yule anayembebea mfuko wa fimbo na ambaye ameutembea uwanja huo mara elfu. Kupima kwa hatua na kuandika kulipata nguvu kwa wachezaji wakubwa baada ya 1961. Mwaka huo, kwenye mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa ya Marekani yaliyofanyika Pebble Beach, California, Deane Beman alimshauri Jack Nicklaus aupime uwanja kwa miguu na kuandika vipimo vyake. Nicklaus alishinda mashindano hayo, na tabia ya kutembea na daftari la vipimo hakuiacha tena. Leo mchezaji wa kulipwa asiye na kijitabu cha namna hiyo mfukoni ni nadra kumwona.

Viwanja navyo viliweka alama zake: nguzo fupi penye yadi 150, tarakimu zilizochongwa kwenye vichwa vya mabomba ya kunyunyizia maji, au visahani vilivyofukiwa usawa wa nyasi. Kwa desturi ya Marekani, iliyoigwa kwingi, kisahani chekundu ni yadi 100, cheupe 150 na cha bluu 200, na kwa kawaida hesabu hufika katikati ya grini. Mchezaji hutafuta alama iliyo karibu, huhesabu hatua kutoka hapo hadi kwenye mpira, hujumlisha au hutoa. Ni njia isiyo na betri. Mtu anayecheza uwanja uleule kila Jumamosi, aliyekwisha kuzijua alama zake kwa moyo, hana haraka yoyote ya kununua kitu.

Mlingoti kama rula

Kifaa rahisi kuliko vyote hakina umeme. Ni kidarubini cha plastiki, au hata kadi yenye mistari, kinachotumia kanuni ambayo wapima ardhi waliijua zamani: kitu chenye urefu unaojulikana huonekana kidogo kadiri kinavyokuwa mbali. Mlingoti wa bendera ya gofu kwa kawaida una futi 7, sawa na mita 2.13. Ukiupata urefu wake unaoonekana, umeupata umbali.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili kwa rula ya mwanafunzi. Nyoosha mkono ili rula iwe sentimita 65 kutoka jichoni, fumba jicho moja, kisha pima mlingoti kutoka chini hadi juu. Ukionekana una milimita 10, uko umbali wa mita 138 hivi. Ukionekana una milimita 9, ni mita 154. Milimita 8 ni mita 173. Tazama ilivyo: milimita moja tu, upana wa mstari wa kalamu butu, imekula mita 16, yaani zaidi ya fimbo moja. Tena hesabu hiyo inadai mambo mawili ambayo uwanja mara nyingi haukubali. La kwanza, kitako cha mlingoti kionekane, kisifichwe na kichuguu wala ukingo wa banka la mchanga. La pili, mlingoti wenyewe uwe na futi 7 kweli, maana vilabu vingine vina mifupi na vingine mirefu. Vidarubini vya namna hii vina lenzi inayokuza, hivyo vinasomeka vizuri kuliko rula, lakini ugonjwa wao ni uleule. Chini ya mita 100 vinafaa. Kupita hapo ni kubahatisha kwa adabu.

Leza

Kipima umbali cha leza kinafanana na darubini ndogo ya jicho moja, na vingi hukuza picha mara 6. Mchezaji hulenga mlingoti na kubonyeza kitufe, kifaa kikarusha mwanga wa infraredi usioonekana. Mwanga ukigonga kitu hurudi, na saa ya ndani huhesabu muda wa kwenda na kurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, mlingoti ulio mita 150 mbele hujibu baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kutofautisha mita 150 na 151 kunataka saa inayobagua nanosekunde 7 hivi. Kazi hiyo yote inafanywa na kidude kinachoenea kiganjani, chenye betri moja ndogo ya volti 3.

Shida ya leza haiko kwenye saa, iko kwenye mkono. Mlingoti hauzidi sana unene wa kidole gumba, na mtu aliyetoka kupanda kilima huku anahema hawezi kuutuliza. Alama ya kulengea inacheza: mlingoti, hewa, mlingoti, mvinje ulio nyuma ya grini. Kioo kinaandika 152, kisha 171, kisha 152. Mzoefu anajua kwamba 171 ni mti. Mgeni aliyebonyeza mara moja tu akaisoma 171 anatoa fimbo kubwa, anaupiga mpira vizuri kabisa, na kuutazama ukiruka grini nzima hadi kichakani. Ndiyo maana watengenezaji wameweka utaratibu wa kuchagua kitu kilicho karibu zaidi kati ya vilivyoguswa, na viwanja vingine hufunga kioo kidogo cha kurudisha mwanga karibu na ncha ya mlingoti. Hata hivyo kanuni ya mkono inabaki: pima mara mbili au tatu, na tarakimu zisipokubaliana amini ile ndogo.

Leza ina upofu wake pia. Haioni ng’ambo ya kilima wala nyuma ya kona ya miti. Ukungu mzito wa asubuhi, ule wanaoufahamu wachezaji wa nyanda za juu kama Limuru, hutawanya mwanga kabla haujafika.

Setilaiti

Kifaa cha setilaiti hakioni bendera hata kidogo. Kinajua mahali kilipo kwa kupokea ishara za setilaiti zisizopungua 4, zinazozunguka takriban kilomita 20,200 juu yetu, kisha kinalinganisha mahali hapo na ramani ya uwanja iliyohifadhiwa ndani yake. Vifaa hivi visingekuwa na maana kabla ya Mei 2000. Hadi wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulipoachwa, kosa likashuka hadi mita chache, na biashara ya vifaa vya gofu ikafunguka.

Kifaa kidogo cha aina hii humpa mchezaji tarakimu tatu: mbele ya grini, katikati na nyuma. Tuseme zinasoma 131, 145 na 159. Hizo yadi 28 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma ni tofauti ya fimbo mbili, na hapo ndipo mtu anapotambua kwamba kuijua “katikati” peke yake ni kuijua nusu ya habari. Bendera ikiwa nyuma na banka likiwa mbele, mchezaji atapiga kwa 150 na kitu. Bendera ikiwa mbele na nyuma pana mtelemko wa kwenda majini, atapiga kwa 140 na kumshukuru Mungu mpira ukisimama. Leza ingempa tarakimu moja sahihi ya bendera, bila kumwambia nyuma yake imebaki nafasi kiasi gani.

Upungufu wa setilaiti ni ramani. Grini ikihamishwa na ramani isibadilishwe, kifaa kitaendelea kusema uongo kwa utulivu mkubwa. Uwanja wa Kigali, kwa mfano, ulisanifiwa upya na kampuni ya Gary Player na kufunguliwa mwaka 2021. Ramani ya kabla ya hapo haimfai mtu. Kwa hiyo mnunuzi wa Afrika Mashariki aanze na swali moja kabla ya kuuliza bei: uwanja wangu umo kwenye orodha, na ramani yake ni ya lini? Aulize pia kama kusasisha ramani kunalipiwa kila mwaka.

Umbo ni suala la mazoea. Saa ya mkononi haisahauliki kwenye nyasi, ingawa wapo wasiopenda kitu kifundoni wanapopiga. Kifaa cha kubana kwenye mkanda ni chepesi zaidi. Kuna hata vinavyobandikwa kwenye kofia na kutamka tarakimu vikibonyezwa, kama GolfBuddy Voice, na kwa mtu ambaye macho yake hayasomi tena kioo kidogo juani, hicho ndicho chaguo la busara kuliko yote. Programu za simu hufanya kazi ileile, ila simu inaweza kuisha chaji kabla ya shimo la 18, na vilabu vingine havipendi kuona simu uwanjani.

Tarakimu na mpira

Kosa la kawaida kuliko yote si la kifaa, ni la kipimo. Baadhi ya viwanja huandika kadi zao kwa yadi na vingine kwa mita, na kifaa kinaweza kuwekwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Yadi 150 ni mita 137. Mtu anayejua kwamba aironi 7 yake inakwenda yadi 150, akasoma 150 kwenye kifaa kilichowekwa mita, ana upungufu wa yadi 14 kabla hajasimama kwenye mpira. Jambo la kwanza kufanya kifaa kikitoka kwenye boksi ni kukilinganisha na alama ya yadi 150 ya uwanja wa nyumbani.

Kisha kuna hewa. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na katika hewa nyepesi ya huko mpira huenda mbali zaidi, kwa makadirio ya kawaida asilimia 6 hadi 10. Mchezaji aliyepanda kutoka Mombasa atasoma 150 ileile, lakini fimbo yake ya 150 itamvusha. Akirudi pwani, akacheza kando ya bahari wakati kusi inavuma, kifaa kitasema kweli tupu huku upepo ukiurudisha mpira mapajani mwake.

Mwinuko nao huleta mkanganyiko. Bendera ikiwa mita 150 kwa mstari wa macho na mita 15 juu zaidi, umbali wa chini kwa chini ni mita 149.25, karibu hakuna tofauti. Ila mpira unaopanda hugota kilimani mapema, na kanuni ya wachezaji ni kuongeza karibu mita moja kwa kila mita ya mwinuko. Baadhi ya leza hufanya hesabu hii zenyewe.

Yote haya hayamsaidii asiyezijua fimbo zake. Apige mipira 10 kwa fimbo moja, aiache iliyokwenda mbali sana na iliyokatika, apime kundi lililobaki katikati. Wengi huukumbuka ule mmoja wa ajabu, ndio wakauita “umbali wangu”, na ndiyo sababu mabanka ya mbele ya grini hayakosi wageni.

Kipi kichukuliwe

Kwa mchezaji wa wastani anayetaka kifaa kimoja kisicho na mambo mengi, cha setilaiti chenye tarakimu tatu kinatosha, mradi uwanja wake umo. Mikono haihitaji kutulia, kilima si tatizo, na hakuna anayemsubiri akilenga. Leza ni ya mtu anayeweza kweli kuupeleka mpira ndani ya yadi 5 za anapotaka, au anayecheza viwanja visivyo na ramani, au anayefanya mazoezi ya mapigo mafupi ya yadi 40 hadi 80, ambako kosa la mita 4 la setilaiti ni kubwa mno. Kidarubini cha mistari ni zawadi nzuri kwa mtoto anayejifunza hesabu.

Sheria

Sheria za gofu hutungwa na The R&A ya St Andrews, Uskoti, pamoja na USGA ya Marekani. Tangu 2006 kamati za mashindano ziliweza kuruhusu vipima umbali kwa kanuni ya mahali. Sheria mpya za 2019 ziligeuza utaratibu: vinaruhusiwa, isipokuwa kamati imekataza. Mwaka 2021 viliruhusiwa kwenye PGA Championship, kule Kiawah Island. Kinachokatazwa kwenye mashindano ni kupima mwinuko, hivyo leza yenye hesabu hiyo lazima izimwe sehemu hiyo. Nyingi zina swichi ya nje ili wenzako waone kwamba umeizima. Anayekiuka mara ya kwanza huongezewa mapigo 2, au hupoteza shimo katika mchezo wa ana kwa ana. Mara ya pili hufukuzwa mashindanoni.

Sheria hizohizo hazihesabu umbali kuwa ushauri. Kumuuliza mpinzani wako utumie fimbo gani ni kosa. Kumuuliza zimebaki yadi ngapi hadi kwenye bendera si kosa, naye akijibu hajakosa. Kundi la watu wanne likiwa na kifaa kimoja kinachofanya kazi, wote wanne wanacho.