Serveri inayohamahama: inamuchelewesha mwizi kiasi gani?

Mwizi wa mtandao haanzi na kuvunja. Anaanza na kutafuta: anabisha hodi kwa kila adresi, aone ordinateri gani inaitika. Kazi hiyo imekuwa nyepesi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, kule Marekani, walitoa ZMap, programu inayoweza, na mashine moja tu, kupitia adresi za IPv4 za dunia nzima chini ya dakika 45.

Njia moja ya kujikinga ni kuhama. Serveri inabadilisha adresi kila mara, ili ile mwizi aliandika asubuhi isimusaidie tena mangaribi.

Sasa tuhesabu. Mtandao mudogo wa ofisi mara nyingi una adresi 254. Serveri ikikaa fasi moja, mwizi anayejaribu moja kwa moja ataipata kisha mara 127 hivi, kwa wastani. Ikihama kila anapojaribu, wastani unakuwa 254. Mara mbili tu, basi! Kwa mashine, hizo ni sekunde. Katika IPv6 mambo ni mengine: mtandao mumoja wa kawaida una adresi zaidi ya bilioni 18 mara bilioni, na kubahatisha humo ni kazi bure.

Lakini wenye haki ya kuingia nao wanapaswa kujua serveri imehamia wapi, la sivyo kazi yao inakatika katikati. Na kama ni tovuti ya watu wote, jina lake linatoa adresi mpya kwa kila mutu anayeuliza, mwizi pia.