Kalamu Nyekundu ya Mkwiro

Baba alipopima samaki hapa Mkwiro, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, alikuwa na kalamu mbili. Siku madema yalipojaa tafi na changu, kilo aliziandika kwa nyekundu. Miezi ya kusi, bahari ikichafuka huko Mpunguti, kurasa nzima zilikuwa nyeusi. Sikujua kwamba ile ilikuwa kazi ya kupaka namba rangi kwa ukubwa wake.

Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichora biashara ya Uskoti na nchi 17 kwa nguzo, kwa kuwa alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Urefu ndio uliosema ukubwa. Lugha ya kompyuta ya R, ambayo leo huchora chati kama hizo, ilizaliwa Auckland miaka ya 1990, mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman. Kisha ikaja ggplot2 ya Hadley Wickham, zana ya R ya kuchora chati, ambayo rangi nayo huifanya kipimo.

Niliingiza daftari la baba kwenye kompyuta, nikaandika fill = kilo, ili rangi ifuate kilo. Nguzo zikatoka za buluu, ila programu isipoagizwa hukoza namba ndogo na kupausha kubwa. Kwetu hilo ni kinyume: maji ya kina ndiyo yaliyokoza, ya fungu la mchanga yamepauka. Nikaandika scale_fill_gradient, ndogo nikazipa rangi ya mchanga, kubwa nyekundu ya kalamu yake.

Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye nguzo iliyokoza kuliko zote.

“Hii Februari, mwanangu. Kaskazi imelala.”