JAJJA WA DUKA: KUMBUKUMBU YA BIBI MUUZA REJAREJA WA KAMPALA



Kurasa nyingine za toleo hili la kumbukumbu zimewekwa kwa viongozi na wafadhili. Ukurasa huu ni wa mtu asiyetajwa katika hotuba yoyote: bibi mwenye duka dogo mjini Kampala, ambaye mtaa mzima humwita Jajja, yaani nyanya kwa Kiganda. Wengi wetu tuliopitia Kampala kabla ya kufika hapa tulikula kwa sababu yake.

Duka ni jambo lenye historia ndefu Uganda. Waganda nao husema edduuka, na fedha huiita ensimbi, jina la kauri zilizotumika sokoni kabla ya rupia na shilingi. Vitabu humtaja sana Allidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyefika Unguja akiwa mtoto, akafanya kazi Bagamoyo, kisha akafungua maduka kufuata njia ya misafara na reli mpaka Kampala. Alifariki mwaka 1916. Hutajwa pia Nanji Kalidas Mehta wa Lugazi na Muljibhai Madhvani wa Kakira, wenye mashamba na viwanda vya sukari. Aliyeiuza sukari hiyo kwa kijiko hatajwi, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, maana watu wengi hawakumjua mwenye kiwanda. Walimjua mwenye kijiko.

Leseni mara nyingi iliandikwa kwa jina la mume. Lakini mume alipokwenda kununua mali, aliyebaki nyuma ya meza alikuwa mke, na mke alipozeeka aliendelea kukaa pale pale kama bibi wa nyumba. Familia ililala chumba cha nyuma. Bibi alikata mche wa sabuni vipande, akapima chumvi, akajaza mafuta ya taa katika chupa ndogo. Chini ya meza lilikuwapo daftari. Asiye na fedha leo aliandikwa, akalipa pamba ikiuzwa au mshahara ukitoka.

Tusidanganyane, duka lilikuwa pia na machungu yake. Waafrika walilalamikia bei na mizani, na kwamba biashara ilishikwa na Wahindi peke yao. Mwaka 1959 chama cha Uganda National Movement, chini ya Augustine Kamya, kiliwataka watu wa Buganda wasinunue kwa wageni, na maduka mengi ya vijijini yakafungwa. Daftari ni wema, lakini pia ni kamba. Anayedaiwa hawezi kwenda duka jingine kwa urahisi.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke, na muda ukawekwa siku 90. Baadaye hata waliokuwa raia wa Uganda wengi walinyang'anywa uraia wao. Familia iliruhusiwa kutoka na paundi 50 hivi. Bibi alifunga duka, na madeni yaliyokuwa katika daftari hayakuwa na wa kuyadai tena.

Hapa wakazi wenzangu wasome vizuri. Bibi huyo naye alikwenda kambini. Uingereza ilifungua kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, kama Stradishall na Tonfanau, hii ya pili ikiwa kando ya bahari huko Wales, penye upepo mkali. Wasio na uraia wa nchi yoyote walipelekwa na UNHCR katika vituo vya muda Austria, Italia, Malta, Ubelgiji na Hispania. Bibi aliyezoea kupima chakula cha wengine alipanga foleni kupimiwa chake. Halmashauri ya mji wa Leicester ilikuwa imeweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende kwao. Walikwenda hata hivyo, na baada ya muda wengi walikuwa wanauza mkate na maziwa katika maduka madogo ya mitaani, bibi akiwa nyuma ya meza.

Kampala nako maduka yaligawiwa kwa watu waliopewa jina la mafuta mingi. Mali ilipokwisha, wengine hawakujua pa kuagiza nyingine. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya magendo. Katika miaka hiyo akina mama wengi wa Kampala walijiingiza katika biashara ndogo ili watoto wasife njaa. Huyo ndiye Jajja tuliyemkuta sisi: meza ya mbao mbele ya nyumba, nyanya mafungu matatu, maharage, mkaa, na daftari la shule lenye majina.

Ndugu zetu wa mashirika wanajua kwamba mkimbizi anayebaki mjini kwa kawaida hujitegemea, kwa kuwa mgao hutolewa kwenye makazi ya wakimbizi. Mtu hutoka kujiandikisha Old Kampala akiwa na karatasi tu mkononi. Benki haimjui, na mwenye nyumba anataka kodi mapema. Jajja humwuliza anatoka wapi, ana watoto wangapi, kisha anampimia unga na kumwandika. Wengine wameandikwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza tu, Mama fulani, kwa sababu Jajja alishindwa kuandika jina la Kikongo au la Kisomali. Baadhi yetu tuliletwa huku kambini kabla ya kulipa.

Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 iliruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea Uganda. Leo ukipita Kisenyi utaona maduka ya Wasomali, na ukipita Nsambya utawakuta akina mama wa Kongo wakiuza vitenge na sombe. Wapo kati yao waliokwisha kupata wajukuu. Watoto wa Kiganda wakitumwa chumvi pale, husema wanakwenda kwa Jajja.