Mandhari ya Kuunga: Historia ya Picha za Njozi

Mwenyeji wa Saza hana haja ya kufundishwa kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Nchi yake imo katika machimbo ya Lupa, ambako dhahabu imetafutwa tangu mwaka 1922, na mtafutaji hujifunza mapema kulitenga jiwe lenye mali na jiwe lenye mng'aro mtupu. Elimu hiyo ya macho ndiyo ihitajiwayo leo na kila mtu atazamaye picha. Maana siku hizi mtu aweza kuketi mbele ya kompyuta, akatwaa mlima wa nchi moja, ziwa la nchi ya pili na mbingu ya saa nyingine, akaviunga hata vikawa mandhari moja isiyopata kuwako chini ya jua. Wako wasemao kwamba sanaa hiyo ni uongo, na kwamba kompyuta ndiyo mama yake. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba maneno yote mawili hayakusimama imara. Sanaa yenyewe ina umri wa zaidi ya karne moja na nusu, na uongo wa picha haukai mahali ambapo wengi huutafuta.

Katika miaka ya 1850 picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Dawa hiyo iliathiriwa upesi mno na nuru ya samawati kuliko rangi nyingine. Basi mpiga picha aliyesubiri nchi ionekane vema aliikuta mbingu imekuwa nyeupe tupu, na aliyeipima nuru kwa ajili ya mbingu aliikuta nchi imezama gizani. Gustave Le Gray, mpiga picha wa Ufaransa, alilitatua jambo hilo katika picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857. Kwa baadhi yake alitumia kioo kimoja kwa maji na kingine kwa mawingu, kisha akaviunga juu ya karatasi moja, mahali mbingu na bahari zikutanapo. Mawingu yale yale huonekana juu ya bahari zaidi ya moja. Twaona, basi, kwamba mandhari ya kuunga haikuzaliwa na tamaa ya kudanganya. Ilizaliwa na upungufu wa chombo: jicho liliviona vyote viwili, na kioo kilikiona kimoja tu.

Waliofuata walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyeishi Uingereza, aliunga negativu zaidi ya 30 kufanya picha moja ya vijana wawili mbele ya njia ya wema na njia ya upotovu. Malkia Victoria alinunua nakala yake. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson aliunga negativu 5 kuonyesha binti aliye katika kufa. Ubishi ulioanza siku zile haujakwisha hata leo: je, kamera ni shahidi, au ni kalamu mkononi mwa msanii?

Jibu la wasanii wa njozi lilikuwa wazi. Mwaka 1924 André Breton alitoa mjini Paris ilani iliyotaka ndoto ipewe haki yake katika sanaa, na wapiga picha hawakukawia kuifuata njia hiyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, Jerry Uelsmann wa Marekani, aliyeishi tangu 1934 hadi 2022, alipanga katika chumba cha giza mashine kadhaa za kukuzia picha, kila moja na negativu yake, akaihamisha karatasi moja kutoka mashine hata mashine. Hivyo alipata miti ielayo hewani juu ya maji na mizizi yake ikining'inia. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na subira, saa na mkono usiotetemeka.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Ulaya na Marekani peke yake. Katika mji wa Lamu, Omar Said Bakor aliendesha studio yake tangu miaka ya 1960. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kazi hiyo, naye alikata picha, akabandika, akaunga negativu, hata watu wa mji ule wakaonekana katika hali ambazo mwili hauwezi kuingia. Huko Likoni, karibu na kivuko cha Mombasa, wapiga picha wa miaka ya 1990 walitundika mapazia yenye meli, ndege na miji mikubwa, na msafiri maskini akasimama mbele yake kama mtu aliyekwisha kuuzunguka ulimwengu. Je, huyo alidanganya? Hapana. Mteja alilijua pazia, mpiga picha alilijua, na ndugu aliyepelekewa picha hakukosa kulijua. Wote walikuwa washirika katika njozi moja, na palipo na ushirika wa namna hiyo hapana mdanganyifu wala mdanganywa.

Kompyuta ilikuja juu ya msingi huo. Ndugu wawili wa Marekani, Thomas Knoll na John Knoll, waliitunga programu ya Photoshop, ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1990. Mwaka 1994 programu hiyo iliongezewa matabaka: kila kipande cha picha hukaa juu ya tabaka lake kama karatasi angavu juu ya karatasi nyingine, na mtu aweza kukisogeza, kukififisha, au kukificha sehemu bila kuiharibu. Kabla ya hapo kipande kilichokwisha kubandikwa kilishikamana na vingine. Kuanzia mwaka 1996 ikapatikana pia GIMP, programu ya bure, na mlango ukafunguka kwa mwanafunzi asiye na fedha.

Sasa tuseme kwamba mwanafunzi wa Saza ataka kuunga mandhari ya kwao. Aweza kuweka chini shimo la mchimbaji mdogo. Nyuma yake, maji ya Ziwa Rukwa. Na juu angani akakitundika kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lenye urefu wa yapata mita 3 lililolala katika mkoa huo huo wa Songwe. Kukata vipande si kazi kubwa. Kazi kubwa ni nuru. Saza ipo kusini ya ikweta kwa digrii 8 hivi. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na vivuli hulala kusini. Mwezi wa Desemba jua hupita upande wa kusini, na vivuli hulala kaskazini. Mwenye kuunga shimo la Juni na mti wa Desemba bila kuangalia jambo hilo atakuwa na jua mbili katika mbingu moja. Tena, wakati wa kiangazi moshi na vumbi huifanya milima ya mbali iwe hafifu, na baada ya mvua milima ile ile huonekana kama iliyosogea karibu. Kwa hiyo kitu kilichowekwa mbali hakina budi kupunguziwa weusi na ukali wake. Twaona ajabu hapa: mtu hawezi kuunga njozi iliyo njema asipoijua vema nchi yake ilivyo.

Na njozi hiyo yaweza kusema kweli ambayo picha moja haiwezi. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi wakati wa ukoloni, ukafungwa katika miaka ya 1950. Wachimbaji wadogo wameendelea na mashimo yao. Mgodi wa New Luika, katika nchi hiyo hiyo, ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012. Kamera hukamata dakika moja. Matabaka yaweza kuziweka zama tatu katika uwanja mmoja, na mtazamaji akaiona historia ya ardhi yake kwa mtupo mmoja wa macho.

Uongo, basi, uko wapi? Tutazame jarida la National Geographic la Februari 1982. Picha ya piramidi za Giza ilikuwa pana, na jalada lilitaka picha ndefu. Kwa hiyo piramidi zilisogezwa karibu kwa mashine, na msomaji hakuambiwa. Hapakuwa na mti uelao wala kimondo kilichotundikwa. Kila kitu kilionekana cha kawaida, na ndiyo sababu jambo lenyewe lilileta lawama kubwa. Vivyo hivyo, atundikaye kimondo juu ya Saza hamdhuru mtu, kwa kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Lakini afutaye rundo moja la kifusi kando ya mto, au ageuzaye maji ya tope kuwa maji safi, kisha akaileta picha mbele ya baraza kama ushahidi, amewadhulumu wanaoyanywa maji hayo. Kazi ya wa kwanza ni kubwa na dhambi yake hakuna. Kazi ya wa pili ni ndogo, na dhambi yake yaweza kuwa kubwa kuliko kijiji kizima.

Siku hizi zipo hata mashine zitungazo picha kwa kuamriwa kwa maneno, na hofu ya watu imezidi. Historia tuliyoipitia yatupa kipimo kile kile: tusiulize kwanza kama picha imeungwa, tuulize kama muungaji ameficha. Aliye mwaminifu na aihifadhi picha ya asili, na aandike chini ya kazi yake kwamba ni ya kuunga. Mtafutaji wa Lupa hulikoga jiwe kwa maji kabla ya kulipa jina la dhahabu. Nasi tuikoge picha kwa maswali kabla ya kuipa jina la ukweli.