Mtoto wa Kilifi aliokolewa na udongo

Wasee, ukisikia mtu amegundua mifupa ya kale unawaza nini? Mwanasayansi ameinua fuvu juu kama kombe la ligi, si ndio? Sasa skia: kaburi la kale zaidi la binadamu wa sasa linalojulikana Afrika halikupatikana hivyo. Mtu angejaribu kuinua fuvu pale, angebaki na unga mkononi.

Liko hapa hapa Kenya, kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Mwaka wa 2013 wachimbaji wa Makavazi ya Taifa na wenzao wa nje waliona sehemu ya shimo. Kufikia 2017 walikuwa wamelifunua lote, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango. Ndani kulikuwa na mifupa imeoza vibaya sana. Ukiigusa tu, inasagika. Udongo ulioishikilia nao ulikuwa laini.

Hapo brashi ingefagia kila kitu. Kwa hivyo hawakuitoa mifupa. Walikata udongo wote kuizunguka, wakaufunga plasta kama ile ya msee aliyevunjika mguu, wakabeba bonge zima hadi Nairobi. Huko meno mawili yakawafanya washuku kuwa ni binadamu. Bonge likapelekwa maabara ya Burgos, Uhispania, likapigwa picha za eksirei na kuchambuliwa pole pole.

Majibu yalitoka Mei 2021. Ni mtoto wa kati ya miaka 2 na nusu na 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wakamwita Mtoto.

Lakini walijuaje alizikwa, si kwamba alifia tu pale? Udongo ndio uliosema. Ule wa ndani ya shimo ulikuwa tofauti na wa kando, maana yake shimo lilichimbwa makusudi. Alilala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Jinsi mbavu na mfupa wa bega zilivyokaa inaonyesha alikuwa amefungwa kwa kitu kama sanda. Kichwa kiliinama kana kwamba mto uliokuwa chini yake ulioza. Yaani kuna mtu alimfunga yule mtoto, labda hata akamwekea mto. Kama mifupa ingetolewa mmoja mmoja, hiyo habari yote ingepotea hata kama kila mfupa ungepona.

Ndiyo maana nasema tuache kuita udongo uchafu. Kilifi yenyewe ni nchi ya mawe ya chokaa, na machimbo hayalali. Mashine ikigonga mifupa au vigae, usivitoe ukavipige picha mezani. Simamisha kazi, viache vilivyo, ita watu wa makavazi. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inataka utoe taarifa.

Aliyemzika Mtoto hakuacha jina wala maandishi. Aliacha mkao tu, na udongo ukautunza miaka 78,000. Sisi na koleo tunaweza kuumaliza kwa dakika moja.