Kodi mbili, jina moja: landilodi wa Kitui na Makueni ni nani hasa?

1/ Kila msimu wa siasa huu mjadala hurudi. Mmoja anasema, "Landilodi walipe kodi kama sisi wengine." Mwingine anajibu, "Mkiwaongezea kodi, watatuongezea rent." Sawa. Lakini tunaongea juu ya landilodi gani? Mwenye maghorofa Nairobi, ama mwalimu mstaafu wa Wote mwenye vyumba kumi vya mabati? Leo twende Ukambani. Hakuna mwanasiasa wala chama kitatajwa.

2/ Tuanze na neno lenyewe. Unacholipa landilodi kinaitwa kodi. Anacholipa landilodi kwa serikali pia kinaitwa kodi. Na si ajabu: serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza watu wetu, mwaka 1901, ilihesabu nyumba. Ndiyo ile kodi ya kibanda. Afisa hakuuliza mwaka huo umevuna nini. Alihesabu paa. Watu wakaanza kubanana katika nyumba chache ili walipie chache. Weka hiyo akilini, tutairudia.

3/ Wakati huo benki ya Mkamba ilikuwa ng'ombe. Mvua ikikosa, unauza mmoja, unanunua chakula. Ndiyo maana 1938, serikali ilipoanza kunyang'anya watu wa wilaya ya Machakos mifugo kwa nguvu ikidai imezidi, maelfu walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi wiki kadhaa. Makueni ya leo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo (ilitengwa 1992). Watu hawakuwa wanatetea nyama. Walikuwa wanatetea akiba.

4/ Lakini ng'ombe ana shida moja: ukame ukija, anakonda siku ile ile unayomhitaji, na kila mtu anauza wa kwake. Bei inaanguka. Wazee wanakumbuka pia njaa ya miaka ya 1980 iliyopewa jina Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Pesa mkononi, chakula hakuna. Somo lilikuwa wazi: tafuta mali inayoleta kitu kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

5/ Mali hiyo ilianza kwa ploti ya soko. Baada ya vita vya 1945, askari waliorudi na akiba ya mishahara yao walifungua maduka kwenye masoko madogo. Muundo ule bado unauona hadi leo ukipita Ukambani: duka mbele, vyumba nyuma, choo mwisho wa uwanja. Mwenye duka alilala chumba kimoja, vingine akapangisha walimu na mafundi.

6/ Halafu ikaja payslip. TSC ilipoundwa 1967, walimu wakawa na mwajiri mmoja na mshahara wa kila mwezi, hata kijijini ambako mahindi yamekauka. Payslip ikazaa mkopo wa SACCO. Unaweka akiba, unapewa mara kadhaa ya ile akiba, wenzako wanakudhamini. Ukiuliza ploti nyingi za Kitui na Wote zilijengwa na nini, jibu si benki. Ni SACCO, chama, na pensheni.

7/ Na chama si kitu kigeni huku. Kabla ya neno hilo kulikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi: leo tunalima kwako, kesho tunachimba matuta kwangu. Ile roho ndiyo ilihamia kwenye pesa. Leo mwanachama akipokea zamu yake, mwaka huu ananunua mabati, mwaka ujao milango.

8/ Ndiyo maana nyumba za huku hujengwa polepole. Tripu ya mchanga leo, simiti ikipatikana, nondo baadaye. Vyumba vinne vikimalizika vinapangishwa, na rent yao inajenga vingine vinne. Unaona vyuma vimetokeza juu ya paa miaka mitano. Si uzembe. Huyo mtu amekataa deni la benki. Anajenga kwa kasi ya mfuko wake.

9/ Hata mchanga wenyewe ni siasa. Mito yetu ni ya msimu, na mchanga ndio unaoshika maji chini. Lori za kwenda kujenga mijini zikiuzoa, visima vya mtoni vinakauka. Makueni ikatunga sheria ya kaunti ya kulinda mchanga, 2015. Kwa hivyo mtu mmoja anaweza kuwa anataka mchanga wa bei nafuu kwa ploti yake, na mamake kijijini anataka ule mchanga ubaki mtoni.

10/ Sasa wapangaji walitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kutoka kwa maamuzi ya serikali. Kwa Vonza, Kitui, chuo kishiriki kilianzishwa 2008 na kikawa SEKU, chuo kikuu kamili, 2013. Mwaka huo huo ugatuzi ukaanza, na Wote na Kitui zikapokea wafanyakazi wa kaunti. Halafu SGR: wakati wa ujenzi vyumba vya Emali, Kibwezi na Mtito Andei vilikuwa na soko.

11/ Na kilicholetwa na serikali kinaweza kuondolewa na serikali. Reli ilipoisha, wafanyakazi wakaondoka. Mizigo ilipohamishiwa reli, miji ya barabara kuu iliyoishi kwa madereva wa malori ikalia. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona na wanafunzi wakaenda nyumbani. Mwenye hosteli karibu na chuo alibaki na funguo, na mkopo wa SACCO haukufungwa.

12/ Hata bila korona ni mnyororo. Pesa za kaunti zikichelewa kutoka Nairobi, mshahara unachelewa. Mkopo wa HELB ukichelewa, mwanafunzi anaomba wiki mbili zaidi. Landilodi mdogo akikataa kungoja, chumba kinabaki kitupu. Wengi hungoja. Kwa hivyo ukisikia mgao wa kaunti umekwama, usidhani ni habari ya magavana na maseneta tu. Imeshafika kwa mwenye vyumba kumi.

13/ Turudi kwa kodi. Tangu Januari 2016 kuna kodi maalum ya mapato ya nyumba za kuishi. Ilianza kwa 10%. Tangu Januari 2024 ni 7.5%. Inamhusu anayepata zaidi ya 288,000 kwa mwaka (24,000 kwa mwezi) hadi milioni 15. Unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na hapa ndipo pa kusoma mara mbili: inatozwa kwa rent yote uliyopokea, kabla ya kutoa gharama yoyote.

14/ Tupige hesabu. Tuseme vyumba 10 kwa 3,500. Vikijaa ni 35,000. Kodi ni 2,625. Mkopo wa SACCO 20,000, maji, stima ya nje na ukarabati 4,000. Kabla ya kodi anabaki na 11,000. Sasa vyumba viwili viwe vitupu. Anapokea 28,000, kodi ni 2,100, na kabla ya kodi alikuwa amebaki na 4,000. Zaidi ya nusu ya kilichobaki imeenda.

15/ Kuna atakayesema: mkopo anaolipa ni mali yake inakua, si hasara. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Na tofauti na 1901, chumba kitupu hakitozwi. Lakini ile tabia ya zamani haijaisha kabisa: serikali bado inahesabu kilichoingia mlangoni, haiulizi kilichobaki mezani. Mwenye maghorofa asiye na deni, mradi rent yake haizidi milioni 15 kwa mwaka, na mwalimu mwenye mkopo, wote ni 7.5%.

16/ Kitu wengi hawajui: sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA na kuchagua kutozwa kwa faida, kwa ile njia ya kawaida ya mwaka. Hapo gharama na riba ya mkopo zinatolewa kwanza. Shida ni risiti. Fundi alilipwa mkononi, bomba lilinunuliwa kwa kioski. Bila daftari na karatasi, haki hiyo ipo tu kwa kitabu. Ukiwa na ploti, anza daftari mwezi huu.

17/ Tusimsahau mpangaji. Kuna sheria ya tangu 1959 inayolinda nyumba ambazo rent yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Landilodi hawezi kupandisha ama kumfukuza mtu anavyotaka bila kupitia baraza la kodi za nyumba. Nairobi kiwango hicho kimepitwa na wakati. Lakini Kitui na Makueni chumba cha bei hiyo bado kipo. Kung'oa mlango ama paa kwa sababu ya deni la mwezi mmoja si "sheria ya ploti". Ni kosa.

18/ Na landilodi, tuambiane ukweli: deposit si pesa yako. Wengi huichukua wakanunua simiti ya chumba kinachofuata. Mpangaji akihama, anazungushwa miezi mitatu. Kama unataka serikali itofautishe kilichoingia na kilicho chako, anza kutofautisha wewe.

19/ Kwa hivyo mgombea akija sokoni kusema "tutatoza matajiri wa nyumba" ama "tutaondoa kodi ya nyumba", muulize manne. Kodi ipi, ya nani? Kwa kilichoingia ama kilichobaki? Kile kiwango cha 24,000 kitapanda bei zikipanda? Na pesa za kaunti na za wanafunzi zitafika lini? Akijibu la kwanza tu akaanza wimbo, umeshajua.

20/ Babu alihesabiwa paa. Baba akapigania ng'ombe. Mtoto amejenga vyumba kumi kwa SACCO. Ni akiba ile ile imebadilisha umbo. Kama una ploti ama umepanga Kitui, Wote, Kibwezi, Mwingi ama Emali, sema hapo chini: mwezi ambao mishahara ilichelewa, nani alimngoja nani?